Jina la Kumi na Mbili

Honi ya mashua ya serikali ilipolia kule kijitoni, mimi nilikuwa nimeinama chini ya sakafu ya shule namfukuza jogoo. Usinicheke. Mwaka uliotangulia jogoo huyo huyo aliwika chini ya mbao wakati mtoto wangu mmoja anasoma mbele ya mkaguzi. Mtoto akapoteza mstari, akababaika, akaanguka mtihani. Mwaka huu niliapa hatasikika kiumbe yeyote ambaye hayumo kwenye orodha ya watahiniwa.

"Wanakuja! Mwalimu, moshi ule! Wanakuja!" watoto walipiga kelele huko juu, na sakafu nzima ikanguruma kichwani kwangu.

"Kaeni chini! Nani kawaambia msimame? Ma Nyein Hla, hebu wakalishe hao!"

Nikatoka na utando wa buibui nywele nzima. Jogoo nikamkabidhi Daw Thet Pon, bibi yake Ma Nyein Hla, ambaye tangu alfajiri alikuwa ameketi kwenye ngazi na sigara yake ya majani, nene kama mpini wa jembe.

"Mshike huyu, Bibi. Akiwika, mnyonge."

"Nimnyonge saa hizi au nisubiri awike?"

"Subiri kwanza."

"Haya. Lakini mchuzi wake ni wangu."

Sikuwa na muda wa kubishana. Sitaki kudanganya, tangu nilipofungua macho nilikuwa na raha. Napenda siku ya mtihani. Mtaa wote wa Kanyingon huamka kama una harusi. Kina mama huwapaka watoto thanaka, ule unga wa gome la mti, mashavuni mpaka wanafanana na mikate, baba huja na mikeka mipya, na muuza supu ya samaki huweka jungu lake nje ya uzio wangu bila kuniomba ruhusa. Siku nyingine zote mimi ni Ma Pwa Shin, binti wa marehemu fundi mbao, mwanamke asiyeolewa mwenye mdomo mkali. Siku ile mimi ni Mwalimu, na hata mkuu wa mtaa huniamkia kwanza.

Lakini mwaka ule raha yangu ilikuwa na mwiba ndani yake. Serikali huipa shule ruzuku kwa matokeo. Mkaguzi huja mara moja kwa mwaka, humtahini mtoto mmoja mmoja, kusoma, kuandika imla na hesabu, na kila anayefaulu huiletea shule rupia zake kulingana na daraja. Asiyefaulu haleti kitu, hata kama umemfundisha mpaka sauti imekatika. Sasa ilikuwa imekuja barua ya kanuni mpya: shule itakayokosa watoto kumi na wawili waliofaulu, miaka mitatu mfululizo, inafutwa. Mwaka juzi nilipata tisa. Mwaka jana kumi na mmoja. Mwaka huu nilikuwa nimewaandikisha kumi na watatu.

Ruzuku ile ndiyo iliyoezeka paa na kununua vibao vya kuandikia. Wazazi wa Kanyingon hulipa kwa mchele, samaki na ahadi, na ahadi ndizo nyingi. Shule ikifungwa, wavulana wangekwenda monasterini, watawa wangewafundisha bure. Wasichana wangu wangekwenda wapi? Wangekwenda sokoni kukaa na mizani, basi. Nilikuwa na wasichana kumi na tisa, na yule aliyenipa kiburi kuliko wote alikuwa Ma Nyein Hla, miaka kumi na mitatu, mtahiniwa wangu wa pekee wa Daraja la Nne. Hakuna shule ya mtaani kijito kizima iliyowahi kutoa hata mmoja wa daraja hilo, na mimi nilikuwa naye, amekaa mbele, ua nyweleni, anatafuna kucha.

"Acha kucha, mama," nilimwambia. "Utazihitaji kuhesabia."

Wageni wakapanda ngazi. Mbele alikuwa Bwana Tolliver, mkaguzi mpya, Mzungu mrefu mpaka aliinama mlangoni, buti zake zikiilalamisha sakafu ya watu. Kiburma chake alikisoma vitabuni, basi alizungumza kama maandiko matakatifu. Nyuma yake alikuja mkaguzi msaidizi, U Tha Zan, Mburma mwenzetu, kitambaa cha hariri ya waridi kichwani, miwani puani. Huyu nilimjua. Miaka miwili alinihesabia watoto wangu na hakutabasamu hata mara moja. Alikuwa na penseli nyekundu. Aliyefaulu aliwekewa alama ya vema, aliyeanguka aliwekewa duara, na duara zake alizichora taratibu, kwa ustadi, kama mtu anayefurahia kazi.

"Karibuni supu," nilisema. "Iko ya moto."

"Nikila kwako nitakuonea haya," alijibu U Tha Zan. "Sili kwenye shule ninazokagua, Mwalimu. Unajua hivyo."

"Ndiyo maana umekonda."

Watoto wakaguna. Yeye alifungua orodha niliyoipeleka ofisini kwao miezi mitatu kabla, akaiweka mezani mbele ya bwana, akachonga penseli.

Tukaanza. Yaani sijui nikueleze vipi. Wale wadogo wa Daraja la Kwanza waliitwa wanne, wakasimama kidete wakaimba herufi zao mpaka bwana akainua mkono kuwanyamazisha. Vema, vema, vema, vema. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega la U Tha Zan, mahali ambapo sikuruhusiwa kusimama, macho yangu kwenye ile penseli. Daraja la Pili waliitwa watano. Maung Hpo Lat, yule yule wa jogoo, akasoma mistari yake kumi kama maji yanavyotiririka, nikataka kumbusu. Kisha akapewa hesabu ya kugawanya, akatazama kibao, akatazama dari, akaanza kulia.

"Saba mara nane, Hpo Lat," nilinong'ona.

"Mwalimu," alisema U Tha Zan bila kugeuka, "ukinong'ona tena nitakutahini wewe."

Duara. Aliichora pole pole, na mimi nikauma mtandio wa begani. Lakini wengine wanne wakapita, na wa Daraja la Tatu watatu wakapita wote, tena mmoja wao kwa imla isiyo na kosa hata moja. Nilihesabu alama kwa vidole nyuma ya mgongo. Kumi na moja. Kumi na moja! Na aliyebaki ni mmoja tu, aliye bora kuliko wote, ambaye angeweza kusoma ukurasa wowote wa kitabu akiwa amelala. Nilijua tumepona. Kina mama mlangoni walinisoma usoni wakaanza kugongana viwiko. Mtu mmoja chini akawa tayari anapiga upatu.

Bwana Tolliver akashusha kidole mpaka mstari wa mwisho wa orodha.

"Daraja la Nne," alisoma. "Ma San Nyo. Na ajitokeze."

Jina hilo nilikuwa sijalisikia karibu miezi miwili.

Miezi miwili kabla ya siku ile, yaani mwezi mmoja baada ya orodha yangu kwenda ofisini, mtoto huyu alishikwa na homa. Siku tisa hakumtambua mtu. Nywele zilimtoka mafungu mafungu. Siku ya tisa bibi yake akamwita mnajimu, mnajimu akapiga hesabu zake, akasema jina hili limechoka, haliwezi tena kumbeba mtoto. Akapewa jina jipya, Ma Nyein Hla. Asubuhi yake homa ikashuka. Basi tukafanya kama inavyofanywa: tulifunga majani ya chai yaliyochachuliwa, yale ya kula, katika vipeto vya majani ya ndizi, tukapeleka kila nyumba, na kila kipeto na maneno yake, kwamba Ma San Nyo hayupo tena, sasa aitwe Ma Nyein Hla. Vipeto ishirini nilivipeleka mimi mwenyewe. Ukishakula umekubali, na jina la zamani hulitamki tena mbele yake, kwa sababu ugonjwa uliomwita kwa jina lile bado unalikumbuka.

Mtaa wote ulikula. Watawa walikula. Mpaka Mchina wa duka la mafuta ya taa alikula. Na katika vichwa vyetu vyote, hakuna hata kimoja kilichokumbuka kwamba serikali haijala.

"Ma San Nyo," bwana alirudia. "Je, amehudhuria?"

Watoto thelathini na sita wakamgeukia Ma Nyein Hla. Naye aliinamisha kichwa, akakaza mikono magotini.

"Usimwite huyo!" Daw Thet Pon alipaza sauti kutoka kwenye ngazi, jogoo kwapani. "Hayupo huyo! Hayupo tena!"

"Amefariki dunia?" aliuliza bwana, akashika kofia yake kwa heshima.

"Afe kwa nini? Huyo hapo, jana kala sahani mbili!"

"Yupi?"

"Huyo mwenye ua. Lakini siye."

Bwana Tolliver akaweka kofia chini. Nikaingilia kati, nikaeleza, na nilipokuwa naeleza nikajisikia jinsi ninavyozidi kuzama. Akadai daftari la mahudhurio. Nikampa. Na humo, ewe mama yangu, kila mahali palipokuwa na jina la zamani nilikuwa nimepakwangua kwa kisu na kuandika jina jipya, tangu ukurasa wa kwanza wa mwaka, kwa moyo safi kabisa, ili mtoto asije akaliona. Karatasi ilikuwa nyembamba pale mpaka unaona kidole upande wa pili.

"Wiki tatu zilizopita," alisema bwana polepole, "katika shule iliyo ng'ambo ya kijito hiki, mwalimu alimleta mbele yangu mtahiniwa wa Daraja la Pili. Alisoma vizuri sana. Ilibainika kuwa ni mke wa mfinyanzi, mama wa watoto wawili."

Nilikuwa nimesikia kisa hicho, nilikicheka mpaka mbavu zikauma. Sasa sikucheka.

"Bwana, huyu nimemfundisha mwenyewe miaka minne. Muulize mtu yeyote hapa!"

"Watu wote hapa wanataka shule ipate ruzuku. Je, kuna tangazo la kubadilisha jina? Waraka wowote?"

"Lilipelekwa tangazo nyumba zote."

"Nionyeshe moja."

"Tumelila, bwana."

Watoto wakaangua kicheko. Laiti wasingecheka! Uso wa bwana ukawa mwekundu, akadhani tunamfanyia mzaha. Akamgeukia msaidizi wake, na badala ya U akamwita Maung, kama mvulana. "Maung Tha Zan, mwanamke huyu anasema nini?"

U Tha Zan alikuwa anaitazama penseli yake. "Ni desturi ya watu, bwana," alisema.

Desturi ya watu! Kama vile yeye alizaliwa mwezini! Nilimkodolea macho nusura miwani yake ipasuke. Alijua kila kitu kile. Maneno matatu tu ya kiungwana kutoka kwake yangetosha, na hakuyasema. Nilimchukia pale pale, waziwazi, na nilitaka alijue hilo.

Bwana Tolliver hakuwa mtu mbaya. Aliikunja mikono, akafikiri. "Kanuni inasema mtahiniwa aitikie jina lililo kwenye orodha. Kama binti huyu kweli ndiye Ma San Nyo, basi na aitikie. Neno moja tu. Akiitikia nitamtahini, na habari za kisu nitazisahau. Asipoitikia nitaandika hayupo."

Akasoma tena, kwa sauti ya upole, "Ma San Nyo?"

"Akiitikia, umemfungulia mlango!" Daw Thet Pon alikuwa ameshapanda juu, sigara imemzimika. Hakuwa anapiga kelele tena. "Mwalimu. Wewe ulimwona siku zile tisa. Ulikuwepo."

Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemshika miguu alipokuwa anatetemeka.

Ma Nyein Hla akasimama. Midomo ilikuwa imempauka. Akanisogelea karibu kabisa, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ukiniambia niitikie, nitaitikia."

Nikuambie ukweli? Nilitaka. Kwa muda wa pumzi mbili nilitaka kwa roho yangu yote. Neno moja! Alama kumi na moja nyekundu zilikuwa zinanitazama pale mezani, na nyuma yake paa la shule, na wasichana kumi na wanane wengine waliokaa na mikono magotini wakinisubiri. Ningeweza kumwambia hayo ya mnajimu ni upuuzi, mimi ni mtu wa vitabu. Lakini niliila ile chai. Na mtoto alikuwa tayari kunipa uhai wake kwa sababu nimemzoesha kunitii, na hilo ndilo lililonichoma.

"Usiitikie," nilisema.

Kisha nikamgeukia bwana, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Andika hayupo, bwana. Aliyepo anaitwa Ma Nyein Hla, na hayumo kwenye orodha yako. Funga shule. Sitamwita mtoto huyu kwa jina lililotaka kumuua, siyo kwa rupia zako, wala za mfalme wako."

Bwana Tolliver alichovya kalamu wino. Alionekana kuhuzunika, lakini mkono wake ulikwenda.

"Bwana," alisema U Tha Zan, "kabla hujaandika, naomba uandike na mimi sipo."

Kalamu ikasimama.

"Unasemaje?"

U Tha Zan alikuwa amevua miwani. "Cheti changu cha Daraja la Saba, kilichomo kwenye faili langu kule Rangoon, ni cha mtu anayeitwa Maung Tun Bwin. Ndiye aliyefaulu. Nikiwa na miaka ishirini na miwili nilishikwa na kipindupindu. Mama akanibadilisha jina, tukapeleka chai mtaani. Nikaomba kazi kwa jina nililokuwa nalo siku hiyo."

"Na hakuna aliyeuliza?"

"Karani aliyepokea cheti ni mtu wa mtaani kwetu. Alikuwa ameshakula."

Jogoo akawika. Daw Thet Pon hakumnyonga, alikuwa ameachama mdomo kama sisi wote.

"Kwa hiyo," bwana alisema, na nilimwona akihesabu kichwani, "kwa miaka tisa matokeo ya wilaya hii..."

"Yametiwa sahihi na mtu asiye na cheti. Shule mia moja na kumi na nne, bwana. Kama msichana huyu ni mdanganyifu, na mimi ni mdanganyifu, na ruzuku zote zile hazikuwa halali. Itabidi zirudi. Na za mwaka huu sahihi yako iko chini ya yangu." Akavaa miwani yake tena. "Nilipaswa kusema mapema. Niliogopa kupoteza kazi. Mwalimu hakuogopa kupoteza shule, nikaona aibu."

Bwana Tolliver akaomba maji. Akanywa kata nzima bila kupumua. Akaomba nyingine. Kisha akauliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelitegemea.

"Ni nani na nani waliokula? Nyosheni mikono."

Ikanyooka mikono yote mle ndani, na mlangoni, na kwenye ngazi, na kutoka uani watu wakapaza sauti, "Na huku! Huku pia, bwana!" Akasimama dirishani akahesabu mmoja mmoja kwa kidole, muuza supu akihesabiwa mara mbili kwa sababu alinyosha na kijiko. Akarudi mezani, akakata lile jina la zamani kwa mstari, juu yake akaandika jipya, na pembeni akaandika: mashahidi themanini na watatu. Akampa msaidizi wake kalamu athibitishe.

U Tha Zan akasita. "Nitie sahihi kwa jina gani?"

"Ulilo nalo leo."

Nilitaka kupiga kelele, lakini bwana aliinua kidole. "Bado sijamtahini. Na kitabu chenu cha shule sitakitumia, huenda amekikariri." Akafungua mkoba wake, akatoa kijitabu chembamba cha kijivu kilichochapishwa kwa Kiburma, akakifungua katikati. Zilikuwa zile kanuni mpya za ruzuku. Mimi mwenyewe nilizisoma mara tatu ndipo nikazielewa. "Asome hapa, kisha aseme maana yake."

Ma Nyein Hla alikipokea kwa mikono miwili. Alianza kwa sauti ndogo. Kisha akaanza kuimba maneno kama tunavyoimba sote, kwa sauti ya juu, akiyumba mbele na nyuma: shule yoyote isaidiwayo, ambayo kwa muda wa miaka mitatu mfululizo, haitafikisha idadi ya chini ya watahiniwa kumi na wawili waliofaulu... Aliteleza kwenye neno moja refu la kiserikali, akarudi, akalishika, akalimaliza. Mstari wa kumi. Akasimama.

"Maana yake nini?" aliuliza bwana.

"Maana yake," alisema, "nikikosea mimi, wadogo zangu hawa wanarudi nyumbani."

Bwana Tolliver alikitazama kitabu chake kama vile ndiyo kwanza anakisoma. "Sahihi," alisema.

Imla ikapita. Hesabu: vikapu mia nne thelathini na viwili vya mpunga, wakulima kumi na wanane, kila mmoja apate vingapi? Kalamu ya jiwe ikakwaruza kibao. Akaandika ishirini na tatu. Nikafumba macho. Niliposikia kitambaa kinafuta nikafumbua, na alikuwa anaandika ishirini na nne, kubwa, akapigia mstari mara mbili. U Tha Zan alichukua penseli yake nyekundu. Alama aliyoiweka haikuwa nzuri hata kidogo, ilivuka mpaka ukurasa wa pili.

Desturi ni kwamba mkaguzi msaidizi ndiye anayesoma majina ya waliofaulu, kutoka juu ya ngazi, mtaa wote ukiwa uani. Aliyasoma kumi na moja. Kila mtoto aliitikia, na kila mara upatu ukapigwa, na kina mama wakatupa maua. Kisha akampa bwana karatasi.

"Hili lisome wewe," alimwambia. "Wewe ndiye hujala."

Bwana Tolliver alisogea mbele. Alijaribu jina lile kwanza kimya kimya, midomo tu ikicheza. Halafu akaliita, kwa lafudhi yake ile ya vitabuni, kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote:

"Ma Nyein Hla!"

"Nipo!" aliitikia. Alipiga ukelele mpaka watu wa mashua ya serikali wakasimama kule kijitoni. "Nipo! Nipo! Nipo!"